Programu ya kubadilisha video iliyotenganisha sauti na midomo: uzoefu wangu

Nimelipia programu ya kubadilisha video, yaani ya kuitoa katika muundo mmoja wa faili na kuiweka katika mwingine, ambayo inashindwa kazi moja ya msingi, nayo ni kuhakikisha kwamba maneno yanasikika pale pale midomo inapoyatamka. Kasoro yenyewe ningeweza kuivumilia, kwa kuwa sijapata kuona programu isiyo na kasoro. Nisichoweza kuvumilia ni jibu la mhudumu wao wa wateja, ambaye aliniandikia, bila kuniuliza hata swali moja, kwamba kicheza video changu ni kibovu na kwamba, hata hivyo, watu wengi hawaioni tofauti ninayoilalamikia.

Video yenyewe ni mazungumzo ya zaidi ya saa moja niliyomrekodi bibi yangu kwa simu, jioni, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, akisimulia habari za ukoo wetu. Nilitaka kuiweka kwenye kicheza video cha mfukoni, cha toleo la zamani, ambacho hupokea mafaili ya AVI peke yake, muundo wa zamani wa kuhifadhi video. Programu ilimaliza kazi upesi sana, na dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Kufikia katikati, bibi alionekana amekwisha kufunga mdomo huku sauti yake ikiendelea. Karibu na mwisho, uso wake unacheka wakati maneno yanayosikika bado ni ya msiba wa kaka yake. Video ya namna hiyo siwezi kumpa mtu yeyote wa ukoo wetu aitazame.

Nilimweleza mhudumu kwa utaratibu kwamba kosa halikuwa la kiasi kimoja, bali lilikua kadiri video ilivyoendelea. Jambo hilo ndilo kiini cha tatizo zima, na yeyote anayeuza programu za aina hii anapaswa kulifahamu. Sauti inayochelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho hurekebishwa kwa kuisogeza mbele au nyuma. Sauti inayozidi kuachana na picha kila dakika inayopita haiwezi kurekebishwa hivyo hata kidogo. Yeye akanielekeza kwenye kitufe cha kusogeza sauti! Nilikitumia, nikapata nilichokitarajia: palipokuwa pabaya pakatengemaa, na palipokuwa pazuri pakaharibika. Kisha nikalicheza faili hilo kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, ambayo kwenye Windows husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila ubonyezapo J au K, nikaona yale yale. Kicheza changu cha mfukoni hakikuwamo kabisa katika jaribio hilo. Niliyaandika yote haya, nikamtumia, na ndipo nilipojibiwa kwamba kifaa changu ni kibovu.

Kuhusu hao watu wengi wasioona tofauti, ningependa mhudumu huyo asome pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, lililotolewa mwaka 1998. Humo imeelezwa kwamba mtazamaji huanza kutambua hitilafu sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa milisekunde 125 hivi. Tunavumilia zaidi sauti inayochelewa kwa sababu ndivyo tulivyozoea tangu utoto: mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana likitua kabla ya mlio kufika. Lakini uvumilivu huo ni wa sehemu ndogo ya sekunde, na mimi nilikuwa nalalamikia sekunde nzima nzima.

Chanzo nilikipata mwenyewe kwa kulifungua faili la awali katika MediaInfo, programu ya bure ambayo huonyesha yaliyomo ndani ya faili la video. Iliandika wazi kwamba kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde, inabadilika, ikataja na kiwango cha chini na cha juu. Simu nyingi hurekodi hivyo. Mwanga unapopungua, kamera huipa kila fremu muda mrefu zaidi wa kupokea nuru, na kwa hiyo idadi ya fremu kwa sekunde hushuka. Hilo si kosa la simu, kwa sababu kila fremu huhifadhiwa pamoja na alama ya wakati wake, na kinachotakiwa ni programu inayozisoma alama hizo. Niliyoilipia mimi inaonekana haizisomi, bali inahesabu fremu na kuzipanga kana kwamba zote zilipigwa kwa kasi ya 30 kwa sekunde. Tuseme simu ilirekodi kwa wastani wa fremu 29: katika saa moja kuna fremu 104,400, ambazo zikichezwa kwa kasi ya 30 humalizika katika dakika 58. Sauti inaendelea kudai saa yake nzima. Dakika mbili za picha zimeyeyuka, na hakuna kitufe cha kusogeza kitakachozirudisha. (Wanaobadilisha filamu hukutana na hitilafu ndogo zaidi ya jamii hiyo hiyo: kasi ya 23.976 ikichukuliwa kuwa 24, pengo hufikia sekunde 3.6 kwa saa.)

HandBrake, ambayo ni programu huria ya kubadilisha video na haina malipo, ililimaliza jambo hili kwa chaguo moja tu katika sehemu ya video, lile linalolazimisha kasi ya fremu isiyobadilika. Inasoma alama za wakati, inarudia fremu panapopungua, na sauti inakaa mahali pake kuanzia salamu hadi kwaheri. Nilipoutazama uso wa bibi katika dakika za mwisho na kusikia kila neno likitoka kinywani mwake, nilifurahi mno, na papo hapo nikakusudia kuandika kwamba hakuna haja ya programu nyingine duniani.

Hata hivyo siwezi kuandika hivyo, kwa kuwa HandBrake iliacha kutoa mafaili ya AVI tangu mwaka 2009, na kicheza changu hakijui kingine. Mwenye kifaa kinachopokea MP4 aishie hapo, na mwenye kifaa kama changu atahitaji FFmpeg, programu nyingine ya kubadilisha video, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Mambo matatu yalinifaa. Kwanza, -r 30, yaani fremu 30 kwa sekunde, iwekwe kabla ya jina la faili litakalotoka; ikiwekwa kabla ya faili la awali, FFmpeg hupuuza alama za wakati na kuleta ugonjwa ule ule tunaoukimbia. Pili, -af aresample=async=1 huifanya sauti ifuate alama zake za wakati panapokuwa na mapengo. Tatu, sauti ya MP3 iwe ya kasi ya biti isiyobadilika, yaani kila sekunde itumie kiasi kile kile cha data, kwa mfano -b:a 128k, kwa sababu muundo wa AVI, ulioletwa na Microsoft mwaka 1992, haukutengenezwa kwa ajili ya MP3 ya kasi inayobadilika, na vicheza vingi vya zamani hupoteza mpangilio vikikutana nayo.

Kwa haki, ile programu ya kulipia ina mazuri yake. Ina kasi, sura yake ni safi, na mafaili yenye kasi ya fremu isiyobadilika iliyageuza bila doa. Nilipoanza kuandika maelezo haya nilikuwa tayari kuipa alama za wastani na kusema kwamba inamfaa mtu asiyetumia video za simu. Lakini kadiri ninavyoyasoma tena majibu ya mhudumu yule, ndivyo ninavyoiondoa huruma hiyo. Leo ni nani asiyetumia video za simu? Na programu inayotangazwa kuwa ni ya vicheza vya mfukoni, ikishindwa video za kawaida kabisa, kisha wenye kuiuza wakamgeuzia mteja lawama, mazuri yake yana faida gani? Niliwatumia matokeo ya MediaInfo pamoja na kipande kifupi cha video ili wajionee wenyewe. Walilifunga lalamiko langu na kuliandika kuwa limetatuliwa, na ombi langu la kurudishiwa fedha halijajibiwa hadi sasa.

Baadaye lilitoka toleo jipya, likitajwa kuwa limeboresha ulinganifu wa sauti. Nililijaribu kwa faili lile lile la bibi, nikitaka kwa moyo wote kuwa nimekosea kuwahukumu. Kufikia katikati, mdomo ulikuwa umefungwa na sauti ingali inaendelea. Nimeiondoa kwenye kompyuta yangu, na simshauri mtu yeyote ainunue.