Laita ya kuchaji kwa mvuta biri wa Nairobi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mjomba wangu huvuta biri moja kwa wiki, Jumamosi jioni, kibarazani kwake South B, na miaka yote huiwasha kwa njiti. Mwaka jana nikampelekea zawadi: laita ya kuchaji, nyeusi, nzito mkononi, ile ya cheche mbili za zambarau zinazokatizana kama alama ya kuzidisha. Akafungua kifuniko, akabonyeza, cheche zikalia. Akaisogeza biri yake. Haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Akanitazama.

"Mjomba, hii umeninunulia niwashie nini?"

Tuelewane kwanza. Nikisema biri ninamaanisha siga, ile nene iliyosokotwa kwa majani ya tumbaku yenyewe, si sigara ya karatasi. Sigara ina kipenyo cha milimita 8 hivi. Biri hupimwa kwa namba inayohesabu sehemu za 64 za inchi: robusto (biri fupi nene) ya namba 50 ni 50/64 ya inchi, karibu milimita 20. Kipenyo kimezidi mara mbili na nusu, lakini uso unaotakiwa kushika moto umezidi mara sita. Tena biri haitaki kuchomwa kama ukuni. Inataka kubanikwa taratibu, ukingo baada ya ukingo, nusu dakika hivi, mpaka uso wote uwe kaa. Ukiharakisha, itaungua upande mmoja kama njia ya panya na utashinda ukiirekebisha jioni nzima.

Laita nyingi za kuchaji unazoziona Luthuli Avenue na River Road zilibuniwa kwa sigara, mshumaa au jiko la gesi. Muuzaji atakuambia inawasha kila kitu, na wala hakudanganyi. Ni vile tu hajawahi kuwasha biri.

Mimi ni fundi wa simu na redio. Zawadi iliporudi mikononi mwangu niliifungua, kisha kwa kiburi cha kifundi nikaamua kutengeneza yangu mwenyewe. Imenichukua miezi mitatu na vidole viwili vilivyoungua. Mpangilio ulio hapa chini umetoka humo.

Hesabu iliyonitoa jasho

Laita ya umeme isiyo na mwali huwasha kwa njia mbili. Ya kwanza ni koili: waya wa nikromu au kanthali unaopitishwa umeme mpaka uwe mwekundu, kama hita ya kuogea isiyo na maji. Ya pili ni cheche: volti 3.7 za betri hupandishwa na kitransfoma kidogo mpaka maelfu ya volti, na umeme ukaruka hewani kutoka ncha moja hadi nyingine.

Kwa biri, koili ndiyo njia ya maana, kwa sababu unaweza kuitandaza. Tatizo ni chakula chake. Koili yenye upana wa milimita 15 ikitaka kuwa nyekundu sawasawa inakula wati 20 hivi. Laita ya mfukoni huwa na betri bapa ya kama mAh 220 (miliampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa 0.8 tu. Kwa wati 20, hiyo ni dakika mbili na nusu za moto. Ukibanika nusu dakika kila mara, hufiki hata biri tano, na hapo nimejifanya kwamba kibetri hicho kinaweza kumwaga ampea tano bila kuvimba. Hakiwezi. Ndiyo maana watengenezaji huweka koili ndogo kama kifungo cha shati: wamebana koili ili ilingane na betri, na betri wameibana ili ilingane na mfuko wa suruali.

Mimi niliweka seli ya 18650, ile ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, iliyotoka kwenye betri ya laptopu iliyokufa. Ikiwa na mAh 2,000 za kweli, hesabu ya karatasi inakupa mara arobaini na kitu. Kwenye meza yangu nilipata thelathini. Imekuwa nene kama tochi ya askari wa usiku na mke wangu haitaki mezani, lakini inawasha.

Sasa mpangilio.

Ya kwanza: koili pana yenye seli ya mviringo

Hizi si nyingi mjini. Utazitambua kwa unene, maana hakuna namna ya kuficha seli ya 18650. Usiulize muuzaji kama inafaa biri. Izime, kisha weka kidole gumba chako juu ya mdomo wake. Gumba la mtu mzima lina upana unaokaribia wa biri nene. Koili ikifunika sehemu kubwa ya gumba, endelea kuzungumza bei. Ikiwa inafunika ukucha tu, irudishe.

Jambo la pili ni muda. Laita nyingi za umeme hujizima zenyewe baada ya sekunde 7 hadi 10 ili zisichome mfuko. Ni kinga nzuri, usimtafute anayeiuza bila hiyo, lakini hakikisha inakubali kuwashwa tena papo hapo. Niliwahi kununua moja iliyotaka kupumzika dakika nzima kila baada ya sekunde nane. Ukishapata tena moto, biri imeshapoa na umeanza upya.

Ukiwa nayo, usiigandamize biri kwenye koili. Shikilia milimita chache juu yake, zungusha, acha joto lifanye kazi. Ukigandamiza, waya hupinda, mizunguko miwili inagusana, na siku hiyo hiyo umebaki na koili nusu. Mafuta ya tumbaku yakiganda, iwashe tupu mara moja, iache ipoe, halafu pitisha brashi kavu ya meno.

Ya pili: laita ya jikoni yenye shingo ndefu

Najua, hii imetengenezwa kwa jiko la gesi na mishumaa. Lakini tazama ncha yake: cheche iko nje, wazi, haijafichwa ndani ya kishimo. Kwa hiyo unaweza kuitembeza ukingoni mwa biri kama mtu anayechora duara kwa kalamu. Inachukua muda, karibu dakika moja, na mwanzoni utachora mistari mieusi tu bila kaa. Ukiizoea utaona ina adabu kuliko ile ya mfukoni inayouzwa mara mbili ya bei yake. Niliipata moja Kamukunji, katikati ya masufuria na vichujio vya chai, shilingi 450 baada ya kuvutana kutoka 700. Tena siku usipovuta biri, inawasha jiko.

Ya tatu: kiwashio cha gari kuukuu

Hii haiuzwi peke yake kwa wengi, lakini lazima niitaje, maana kiufundi inazishinda zote. Kile kidude cha kubonyeza kwenye dashibodi hupokea volti 12 na kuvuta ampea 10 hivi: wati 120, mara sita ya laita yangu. Uso wake ni mpana na kinaruka chenyewe kikishakuwa chekundu. Magari mengi mapya yanakuja na tundu tu, bila kiwashio. Kama una Toyota ya zamani, unacho. Nimekiweka nafasi ya tatu kwa sababu moja: majivu ya biri na kiti cha kitambaa havijawahi kupatana.

Ya nne: cheche mbili za mfukoni

Hii ndiyo zawadi ya mjomba. Inapendeza, upepo wa Ngong hauizimi, na kwa sigara sina ubaya nayo. Lakini ncha zake zimekaa ndani ya kishimo kilichopimwa kwa sigara, na pengo la cheche ni la milimita chache tu. Biri nyembamba inaweza kuonja cheche ukingoni. Robusto inabaki nje ikigonga mlango. Pia ina ile harufu kali ya ozoni, kama fotokopi iliyochoka. Mjomba anasema inaingia kwenye mvuto wa kwanza. Mimi siisikii, lakini pua ni yake.

Ya tano, yaani usinunue: koili ndogo ya kusukuma

Ile bapa, ya bei nafuu, unasukuma kidude pembeni na kaduara kekundu kanatokea. Umeshasoma hesabu yake. Inafaa kuwasha udi.

Na gesi je?

Hakuna mwongozo wa Nairobi unaoweza kuiruka gesi, na kusema kweli laita ya gesi yenye mwali laini wa manjano bado inazishinda laita tatu kati ya tano nilizozitaja. Gesi ya butani haina harufu, mwali ni mpana, na kuijaza hakuhitaji stima. Ya petroli iache. Harufu ya mafuta hukaa kwenye tumbaku.

Ile ya mwali wa bluu unaovuma, ambayo wavuta biri wengi huipenda, ina shida moja ya mji wetu. Tuko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Mwali wa namna hiyo huchanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka, na hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unaharibika: unasikia tik, tik, tik, gesi inatoka, moto haushiki. Ukipanda Limuru ndiyo unasahau. Baridi ya Julai nayo huongeza chumvi kwenye kidonda, kwa sababu butani iliyopoa hutoka kwa unyonge. Cheche ya umeme ni kinyume: hewa nyepesi huirahisishia kuruka. Kwa hilo tu, laita ya umeme ina haki ya kutamba Nairobi kuliko Pwani.

Kabla hujatoa pesa

Dai uwashiwe dukani, mara tatu mfululizo. Betri mbovu itaonekana mara ya tatu kwa koili kuwa nyekundu iliyofifia badala ya nyekundu inayong'aa.

Soma namba ya betri kwa jicho la shaka. Seli ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni hadithi ya kulalia watoto. Bora nilizowahi kupima hazikupita 3,500 hivi. Seli nyepesi kupita kiasi mkononi ni dalili ya pili.

Tundu la kuchajia nalo lina mtego. Laita nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lakini mtengenezaji amebania pesa, hakuweka vipinga viwili vidogo ndani yake. Ukitumia kebo yenye USB-C pande zote mbili haitachaji, na utadhani imekufa. Tumia kebo ya zamani, yenye kichwa kile kipana upande wa chaja, itachaji. Nimeletewa laita mbili "zilizoharibika" kwa kosa hili, na zote mbili nilizirudisha bila kuzigusa. Moja nililipwa chai.

Usiichaji usiku ukiwa umelala, usiiache kwenye dashibodi juani, na kama una watoto nyumbani chagua yenye kifuniko cha kufunga au ya kubonyeza mara kadhaa kabla ya kuwaka. Cheche ya maelfu ya volti huchoma ngozi hata kama haikuangushi.

Kwa wanaosafiri kupitia uwanja wa ndege wa JKIA: kanuni za usafiri wa anga zinataka laita ya betri ubebe mwenyewe ndani ya ndege, isiingie kwenye sanduku la kupakiwa, iwe na kinga ya kutojiwasha, na usiichaji humo ndani. Ile ya gesi yenye mwali wa bluu hairuhusiwi kabisa, mkononi wala kwenye sanduku. Na ukitua Nairobi, kumbuka Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya 2007 haiangalii umetumia moto wa aina gani. Ukivuta mahali pa umma pasipotengwa, askari wa kaunti atakushika wewe na laita yako ya kisasa.

Betri ikivimba, usiitoboe ili itoe hewa, kama nilivyomwona jamaa mmoja akifanya kwa msumari. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiichanganye na taka za jikoni, maana lori la taka hubana kila kitu lilichobeba, na seli ya lithiamu ikibanwa huwasha vizuri kuliko laita zote nilizozitaja hapa.