Terminali za ofisini: ipi ununue, ipi uiache

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikubali Windows 11. Kabla ya kuagiza kumi mpya, piga hesabu ya seva moja (kompyuta yenye nguvu inayofanya kazi za wote) na terminali mezani: kijisanduku cha kuonyesha kazi inayofanyika kwenye seva. Kwa ofisi ya watu kumi hadi ishirini, ningezipanga hivi.

Namba moja ni Dell Wyse 5070 au HP t630 za mtumba. Hazina feni ya kujaa vumbi, RAM inaongezeka, na zinapokea Linux, mfumo endeshi wa bure, bila ubishi. Hakikisha unapewa na adapta yake ya umeme. Matundu ya skrini ni DisplayPort, kwa hiyo monita za zamani za VGA zitadai vigeuzi. Wyse 3040 itakuvutia kwa bei, lakini RAM yake ya GB 2 imechomelewa, haiongezeki. Mpe mtu wa mapokezi tu.

Pili, kompyuta zako zilezile. LTSP, programu ya bure, huziwasha kupitia mtandao bila hata diski. Hununui kitu, ila umeme zitakula kama kawaida.

Tatu, Raspberry Pi 4. Umeme inatumia kidogo mno, lakini ukishajumlisha kasha, chaja, kadi na waya wa micro HDMI, Wyse ya mtumba inaanza kuonekana ya bei nafuu.

Mwisho kabisa, Windows ya kukodi mtandaoni, mfano Windows 365. Unalipa kila mwezi kwa kila mtu, na intaneti ikikatika ofisi nzima inakaa.

Sasa leseni, maana hapa ndipo akiba huyeyuka. Ukitumia Windows Server, kila mtu au kila kifaa kinahitaji CAL (leseni ya kuitumia seva) na nyingine ya RDS, yaani ya kufanya kazi kwenye seva kutoka mbali. Bila hiyo ya pili, seva hufanya kazi siku 120, kisha hukataa watu. Fundi huwa ameshalipwa na kuondoka! Dai leseni ziandikwe kwenye ankara. Wafanyakazi wakipokezana zamu, nunua za kifaa. Kama ofisi inaishi kwenye kivinjari na LibreOffice (programu ya bure ya kazi za ofisi), seva ya Linux inakuondolea gharama hiyo yote.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye seva: RAM ya GB 32 au zaidi, SSD mbili zinazonakiliana, swichi ya gigabiti, na UPS. Mbuni wa picha mwachie kompyuta yake; kazi yake ni nzito kwa terminali.