Kupima oili ya injini mpya ya ndege: huduma nzuri, kurier ndo wananyonga

Wenye ndege ndogo pale Terminal One ya uwanja wa Dar na mnaosimamia ndege za watu, hii huduma ya kupima oili (maabara inaangalia chembe za madini kama chuma na shaba kujua injini inalika kiasi gani) naipa nyota nne. Ile ya tano imeliwa na kurier, maana maabara iko Marekani na kutuma kichupa kutoka Dar kunakula hela kuliko kipimo chenyewe, halafu usiposema mapema kwamba ndani kuna oili iliyotumika wanakurudisha dirishani.

Kichupa ni kidogo cha plastiki, kinakuja na mfuko wake wa zipu. Kazi yako ni kukinga tu: injini ikiwa bado ya moto unamwaga oili, unaiacha itoke kwanza, ndo unakinga ile ya katikati, ya mwanzo na ya mwisho achana nazo. Fundi wetu alitaka kuchota kwenye beseni lenye mabaki ya oili ya gari, nikamwambia kaka hapo tutapimiwa Noah ya watu.

Majibu yanakuja kwa imeili, kila madini na kiwango chake, pembeni wastani wa injini za aina yako, na maelezo ya mtu aliyekaa akasoma kweli, lugha nyepesi hata bosi asiyejua pistoni anaelewa. Hapo wamenikosha.

Sasa kwa injini mpya, ripoti ya kwanza itakutisha. Yetu ni injini ya Lycoming IO-360 kwenye ndege ya Cessna 172, chuma kilikuwa juu mno, shaba juu, silikoni nayo juu, bosi kanipigia hata chai sijanywa anauliza tumeuziwa injini mbovu au vipi. Wala! Ringi na silinda mpya zinasagana mpaka zikae, na silikoni mara nyingi ni gundi ya gasketi zilizofungwa juzi, ila ikibaki juu na oili ishabadilishwa mara kadhaa kagua filta ya hewa, hasa kama unatua viwanja vya vumbi. Risasi, yaani yale madini ya lead, isikunyime usingizi, inatoka kwenye avgas 100LL, petroli ya ndege iliyotiwa risasi.

Lycoming wenyewe kwa injini kama hii wanataka oili ya kwanza imwagwe injini ikifikisha masaa 25 ya kazi, na ubaki na oili ya mineral, ile ya kawaida isiyotiwa dawa za kutawanya uchafu, mpaka masaa 50 au mpaka kiasi cha oili inachokula injini kitulie. Kwahiyo sampuli za mwanzo ni za kuweka kwenye faili tu, utamu unaanza ukishapata ripoti kadhaa unaona namba zinashuka. Kama unapanga kupima mara moja tu kiukweli hiyo hela nunua filta.

Halafu kuna watu wakiona ripoti safi wanajisahau. Kipimo hiki kinaona chembe ndogo sana, kipande kikimeguka hakionekani humo, kwahiyo filta ya oili lazima uikate, uikunjue, umulike na tochi, upitishe na sumaku. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, ndege ikilala wiki nyingi bila kuruka kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inashika kutu na chuma kinapanda hata kama injini haijafanya kazi ngumu.

Anayejua maabara ya karibu inayopima oili ya ndege, sio ya magreda tu, anishtue, hawa wa kurier nimewachoka.