Siku ya kuchukua hela watu wa bima waliwaona wapangaji wangu

Mtanisamehe naandika nikiwa na hasira. Mimi naishi Tabata kwenye nyumba yangu mwenyewe, mbele nakaa na wanangu, uani nimepangisha vyumba vitatu, choo na karo la kufulia tunashea. Nikakata bima ya nyumba, nikaambiwa humo humo kuna dhima, yaani mtu akiumia kwangu akanidai wao ndo wanalipa, na hicho ndo kilinitoa hela, maana moto naogopa ila kudaiwa naogopa zaidi.

Basi kipindi cha mvua mgeni wa mpangaji wangu akateleza kwenye kingazi cha kwenda chooni, simenti ilishameguka siku nyingi na nilikuwa najua, akavunjika mkono akafungwa POP. Risiti za hospitali wakaniletea mimi na sikubisha, ngazi ni yangu. Nikazipeleka kwenye kampuni.

Yule kijana wa madai hata kiti hakunikaribisha. Kausukuma mkataba mezani, kidole kwenye maneno "makazi binafsi", macho kwenye simu: "Mama, wewe unafanya biashara, hii haikuhusu." Biashara?! Wakala wenu si alikuja kwangu, kakaa kwenye stuli hapo uani, kahesabu milango mmoja mmoja, mpangaji wa chumba cha katikati ndo kampa maji ya kunywa! Fomu kaijaza kwa mkono wake, mimi nikasaini. Hapo nilikosea, sikusoma. Lakini siku ya kuchukua hela hamkuiona hiyo biashara?

Na siyo matapeli, kavanoti, ile hati ya bima, niliihakiki TIRAMIS, mfumo wa mamlaka ya bima, ikatoka halali kabisa, hiyo ndo inaniuma.

Nilitaka niseme msikate bima hizi kabisa. Ila jirani yangu yake imeandikwa wazi kwamba kuna vyumba vya kupangisha, analipa zaidi kidogo na analala usingizi, kwa hiyo bima yenyewe siyo mbaya, ukitaka kata, ila wapangaji waandikwe kwenye mkataba, na uulize kabisa mgeni wa mpangaji naye anahesabika au la. Kwa ile kampuni lakini hapana jamani, nikikumbuka kile kidole moyo unanienda mbio. Nimeshalalamika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na fomu yao nimeisoma mstari kwa mstari, mwanangu kaniwashia tochi maana umeme ulikatika. Kingazi fundi kakiziba. Hospitali nalipa mwenyewe kidogo kidogo.