Bahasha ya Mgongo Mwangavu: Uzoefu Wangu Kaunta ya Vifurushi, Tabora

Bei ndiyo watu wanayouliza kwanza, kwa hiyo nianze nayo. Bahasha moja ya hizi zenye mgongo wa nailoni unaoonyesha kilichomo ni karibu mara tatu ya bei ya bahasha ya kaki ya ukubwa uleule. Kwa mtu anayetuma picha za pasipoti kwenda Nzega, hiyo ni hela ya chai imepotea. Kwangu mimi ninayekaa kaunta ya vifurushi hapa stendi ya Tabora, nikipokea bahasha za watu nisiowajua na kuwakabidhi makonda wa Mpanda, Kigoma, Mwanza na Dodoma, hesabu ni nyingine. Bahasha ikikamatwa njiani ina bangi, jina la kwanza kwenye risiti ni la mtumaji, ambalo huenda likawa la uongo. La pili ni langu, na langu ni la kweli.

Bahasha yenyewe iko hivi. Mbele ni karatasi nyeupe ngumu yenye mistari ya jina na simu, ya mtumaji na ya mpokeaji. Nyuma yote ni nailoni angavu. Mdomo una gundi iliyofunikwa kwa utepe. Ukiubandua ukagandamiza, imefungwa, na anayejaribu kuuvuta anakuta herufi VOID, Kiingereza cha "batili", zimejitokeza pale alipogusa. Kijana wa steshenari aliyeniuzia alisifia mno ule mgongo. "Kila kitu unakiona, kaka, hakuna wa kukudanganya." Nimezitumia tangu kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa, na naona alisifia kitu cha pili kwa ubora. Cha kwanza ni kwamba gundi inafika mpaka kwenye kona.

Chukua bahasha yoyote ya kaki uliyo nayo, lamba gundi, funga vizuri kabisa. Sasa ingiza ncha ya peni pembeni, pale mdomo unapokutana na ubavu. Inaingia. Kiwandani gundi huishia kabla ya kona, na mkono wa mtu hauwezi kuongeza pasipo na gundi. Usiku mmoja baada ya kufunga kaunta nilitia unga wa muhogo, kijiko kimoja kila bahasha, nikatandaza fulana nyeusi mezani na kuanza kuzigongagonga kama utingo anavyorusha mizigo kwenye buti. Kaki ilitema kona zote mbili, vimistari viwili vyeupe juu ya fulana, na nyuma ukatoka mwingine kidogo kwenye mshono wa chini ambao sikuwahi kuufikiria. Bahasha mpya haikutoa kitu mpaka nilipoikunja katikati. Hapo unga kidogo ukachungulia kwenye ubavu, pale nailoni iliposhikana na karatasi. Mtengenezaji aangalie hapo.

Hili la unga kupenya bahasha iliyofungwa si la kubahatisha. Mwaka 2001 kule Marekani mtu alituma barua zenye vumbi la kimeta, ugonjwa uleule ambao wafugaji wetu wa Igunga na Nzega wanaujua kwa ng'ombe anayeanguka ghafla akitoka damu puani. Barua zilizopatikana zina mhuri wa posta wa Trenton, New Jersey, za tarehe 18 Septemba na 9 Oktoba. Watu 22 waliugua, 5 wakafariki. Wawili kati ya hao 5 walikuwa wafanyakazi wa posta katika kituo cha Brentwood, Washington. Hawakuandikiwa wao, wala hawakufungua kitu. Mashine za kuchambua barua zilizibana bahasha, na vumbi likapita kwenye karatasi yenyewe, maana chembe ya kimeta ni mikroni chache tu, yaani vipande vichache vya milimita iliyogawanywa mara elfu, na kwake karatasi ya bahasha ni chujio la matundu mapana. Nikisoma habari ile simfikirii seneta aliyeandikiwa. Namfikiria mtu wa kati, anayeshika bahasha isiyomhusu na kuisogeza mbele. Ndiyo kazi yangu.

Halafu kuna hili: barua mbili za Oktoba, kwa maseneta Tom Daschle na Patrick Leahy, zilikuwa na anwani ya mtumaji, tena ya kutuliza moyo. Darasa la nne, Shule ya Greendale, Franklin Park. Nani amshuku mtoto wa darasa la nne? Shule hiyo haikuwepo. Kwa hiyo ile mistari ya jina na simu iliyochapwa mbele ya bahasha yangu ni nzuri, ila peke yake ni mapambo. Mimi naangalia kitambulisho, kisha naipiga namba ya mtumaji akiwa amesimama mbele yangu. Isipoita mfukoni mwake, tunaanza upya.

Turudi kwenye ule mgongo. Miaka yote hii watengeneza bahasha wamekuwa wakihangaika kuficha. Bahasha ya dirisha ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1902, ya Americus Callahan wa Chicago, na dirisha lilikuwa la kuonyesha anwani tu ili karani asiandike mara mbili. Zile bahasha za benki zenye michoro ya bluu kwa ndani zimewekwa makusudi ili hata ukiinua kwenye jua usisome kitu. Kwa hiyo bahasha inayoonyesha kilichomo inakwenda kinyume na mazoea, na watu wanashtuka.

Alikuja mzee mmoja wa Sikonge, mtu wa heshima, kofia mkononi. Anamtumia binti yake Mpanda barua na kipakiti cha unga wa kijani. Nikamuuzia bahasha mpya, nikafunga, nikaiweka kaunta. Konda wa Mpanda akaja kuchukua mizigo, akaigeuza, akaona ule unga umelala chini kwenye kona, umemwagika kidogo kutoka kwenye kipakiti.

"Hii nini?"

"Dawa," mzee akasema.

"Dawa ya nini, mzee wangu? Mimi ndumba sipandishi kwenye gari. Nina abiria na watoto wao."

"Mlonge, mwanangu. Majani ya mlonge. Ana presha."

Konda akataka kunusa. Nikamshika mkono. Mzee akasema ifunguliwe, sote tuone. Tukafungua, herufi zikatokea kama zilivyoahidiwa, na mle ndani mlikuwa na mlonge kweli, pamoja na barua na picha ya mjukuu. Mzee hakukasirika; aliyekasirika ni mimi, maana bahasha ile ilikuwa imeshaharibika na ya pili nilimpa bure.

Nimelifikiria sana tukio hilo, kwa sababu ukilitazama haraka linaonekana ni hasara: kaki ingepita bila neno. Lakini unga ule ungekwenda kushukiwa wapi? Kwenye kizuizi cha polisi njiani saa nane mchana, mzee yuko kwake Sikonge, simu haina chaji, na konda anajitetea kwa kunitaja mimi. Bahasha hii ililileta swali kaunta, mwenye jibu akiwa amesimama palepale. Kwa hilo nailipia hizo hela za ziada bila kinyongo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina huruma kwa anayekutwa na mzigo, na sina hamu ya kwenda kumweleza mtu kwamba mimi ni mpokeaji tu.

Upande wa pili ni aibu. Dada mmoja mwalimu alikuwa anatuma majibu ya hospitali kwenda Mwanza kwa daktari. Aliigeuza bahasha, akaona karatasi inasomeka mstari kwa mstari, akanirudishia. "Kaka, dereva atakuwa ameshajua ugonjwa wangu kabla ya Shinyanga." Ana haki. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na haikusema isipokuwa yale yanayopita stendi ya Tabora. Tukaipachika barua ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili na ikawa salama, lakini ukishaanza kufunika ndani ya bahasha ya kuonyesha, utaulizwa umelipia nini.

Hapo ndipo naona aliyebuni hakuwahi kukaa kaunta. Mgongo mzima hauhitajiki. Unga, mbegu, majani, vipande vya waya, laini za simu, vyote ukiisimamisha bahasha na kuigonga mara moja mezani vinashuka chini. Karatasi iliyokunjwa inabaki juu. Dirisha la upana wa vidole viwili, chini kabisa, ubavu hadi ubavu, lingeonyesha kila kisichokuwa karatasi na lisingesoma barua ya mtu. Na nyuma ya dirisha hilo, upande wa ndani wa ile karatasi ya mbele, pachapwe nusu nyeusi nusu nyeupe. Unga mweupe juu ya karatasi nyeupe hauonekani, nimejaribu na ule wa muhogo ukanipotea machoni. Juu ya weusi unawaka. Majani makavu nayo yanaonekana vizuri kwenye weupe. Ni wino kidogo tu kiwandani.

Kingine nilichokipenda, ambacho hakuna aliyenitajia: bahasha haina sponji wala zile puto za hewa ndani. Bahasha zilizojazwa ni nzuri kwa simu na miwani, ila ukizipapasa vidole havihisi kitu. Hii nyembamba vidole vinasoma vyenyewe. Bahasha iliyonenepa upande mmoja, nzito kuliko karatasi ilizobeba, yenye doa la mafuta, au iliyozungushiwa selotepu mpaka haina pa kushika, hiyo hata bila nailoni utaitilia shaka.

Joto ni tatizo la kweli. Mwezi wa kumi Tabora hakuna anayebisha, na buti la basi lililoegeshwa juani ni tanuri. Niliacha bahasha moja tupu juu ya bati mchana kutwa, kisha nikaanza kuuvuta mdomo pole pole ungali wa moto. Gundi ililegea, ikaachia, na zile herufi hazikutokea isipokuwa kipande cha O. Nikaigandamiza tena, usingejua. Kuna bahasha za aina hii zenye alama inayobadilika rangi ikipata joto, ili mwizi mwenye pasi au mashine ya kukaushia nywele agundulike. Hizi nilizouziwa hazina. Kwa vyeti vya shule sijali sana. Kwa hela, na watu bado wanaficha hela ndani ya barua hata uwaambie nini, sikushauri.

Mambo madogo: mhuri wangu wa wino haushiki kwenye nailoni, unapakaa, gonga mbele tu. Peni ya kawaida inaandika vizuri kwenye karatasi. Wateja wengine wananiuliza kama nailoni si ilipigwa marufuku; marufuku ya Juni 2019 ni ya mifuko ya kubebea, si vifungashio vyote, ingawa sipendi kuona zilizotumika zinavyopeperuka kuelekea relini.

Na kwa kuwa bahasha inayoonyesha itakuonyesha siku moja kitu usichokitaka, nimebandika ukutani kwa mkono wangu cha kufanya, kwa sababu ya yule konda na pua yake. Usinuse, usitikise, usionje. Iweke chini palepale. Zima feni. Toka, waambie na wengine watoke, funga mlango. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Piga 112. Konda alicheka alipoisoma, akasema kwa unga mimi nitafukuza stendi nzima. Nikamwambia ikibidi, ndiyo.

Ukitaka kununua: kwa vyeti, hati za kiwanja, kadi za benki zilizosahaulika nyumbani, leseni, picha, nunua, zinafaa na mpokeaji anaona kilichomo kabla hajasaini. Kwa majibu ya hospitali, barua za mahakamani na za wapenzi, chukua kaki, lakini pitisha selotepu kwenye kona zote mbili na mshono wa chini, na uje na kitambulisho, maana kwangu ya kaki itafungwa mbele yangu. Kijana wa steshenari nimemchorea lile dirisha la vidole viwili nyuma ya risiti yake mwenyewe. Amesema kiwandani hawapokei oda ndogo, nitafute mawakala wenzangu wa hapa stendi tuagize pamoja. Wawili wamekubali. Wa mabasi ya Kigoma anataka kwanza aione.