Kamera ya kupigia picha treni za mizigo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Treni ya mizigo haina ratiba ya kubandikwa ukutani. Unatoka nyumbani alfajiri, unapanda bodaboda, unakaa chini ya mwembe karibu na reli, unaambiwa iko njiani. Saa mbili zinapita. Halafu unaisikia kabla hujaiona, honi kwanza, kisha ule mngurumo unaoingia kifuani, na kichwa kinatokeza kwenye kona kikivuta matangi ya mafuta na makontena. Una kama sekunde kumi na tano. Ikipita imepita, na huenda ya pili isije kabla ya giza.

Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana wanaoanza, "Kaka, ninunue kamera gani?", nami huuliza: unapiga reli ipi? Reli ndiyo inayochagua lenzi, na lenzi ndiyo inayochagua kamera. Wengi wanaanza na kamera, wanamaliza pesa kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, wanabaki na lenzi ndogo ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Kisha wanasimama kwenye uzio wa SGR, reli mpya ya umeme, na treni inaonekana kama kiberiti.

Tanzania tuna reli za vipimo vitatu, na kila moja ina namna yake ya kupigwa picha.

Reli ya kati ya zamani, ile tunayoiita MGR, ina upana wa milimita 1000. Imefika Kigoma tangu 1914, na sehemu kubwa iko chini usawa wa ardhi, inapita katikati ya mashamba na vitongoji. Treni ya mizigo hapa haikimbii. Unasimama mita kumi na tano pembeni, pahali salama, na kichwa cha treni kinajaa kwenye fremu kwa lenzi ya kawaida kabisa. Hapa ndipo bado utaviona vichwa vyenye namba zinazoanzia 88, aina ya MX620 kutoka Montreal Locomotive Works, Kanada, injini ya silinda 12 na nguvu ya farasi 2,000. Dereva akiongeza mafuta kwenye mwinuko, moshi mweusi unapanda wima kama mkuyu. Mimi moyo wangu uko hapa.

TAZARA ni milimita 1067, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Kutoka Mlimba kupanda kwenda Makambako ni mahandaki, madaraja na kona za milimani. Pale unahitaji lenzi ya kati, kama milimita 70 hadi 200, ili mlima nao uingie kwenye picha.

SGR ni milimita 1435, ya umeme, ina uzio, tuta refu na nguzo za waya njia nzima. Huikaribii, na hupaswi kuikaribia. Imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo. Hapa ni lenzi ndefu tu, milimita 200 kwenda juu, ukiwa kwenye kilima au upande wa nje wa kona, ambako nguzo hazikati uso wa treni.

Sasa hesabu ndogo, maana ndiyo inayoamua ulipie nini. Treni ya mwendo wa kilomita 40 kwa saa inasogea mita 11 kwa sekunde. Ukipiga kwa spidi ya shata ya 1/500, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, imesogea sentimita mbili tu, na kama inakujia kwa mshazari hutaona ukungu wowote. Ile ya kilomita 120 inasogea mita 33 kwa sekunde, na kwa 1/500 hiyohiyo ni karibu sentimita saba. Panda hadi 1/2000. Maana yake ni kwamba MGR na TAZARA hazihitaji kamera ya haraka. Kamera yoyote ya DSLR, ile kubwa ya kubadilisha lenzi yenye kioo cha kuakisi ndani, ya miaka kumi iliyopita inatosha na kubaki. Pesa iende kwenye lenzi.

Namba moja: Canon 700D au 200D iliyotumika, pamoja na lenzi ya EF-S 55-250mm IS STM.

Hili silitilii shaka. Lenzi hiyo ilitoka 2013, ina uzito wa gramu 375, na kwenye bodi hizi inaona sawa na lenzi ya 88 hadi 400 kwenye kamera ya filamu. Inafaa MGR ukirudi nyuma kidogo, inafaa TAZARA kabisa, inafaa SGR. Ni kali hata uwazi wake, yaani tundu la kupitishia mwanga, ukiwa wazi kabisa, fokasi yake ni ya haraka na haina kelele. Angalia herufi za STM kwenye pete ya lenzi kabla ya kutoa pesa. Kuna matoleo ya nyuma ya 55-250 yasiyo na herufi hizo. Yanafanana kwa mbali, ila fokasi yake ni nzito na kioo cha mbele huzunguka wakati wa kufokasi. Muuzaji atakuambia ni kitu kilekile. Si kilekile.

Kati ya bodi hizo mbili, 700D ina megapikseli 18, 200D ina 24. Zote zinapiga picha tano kwa sekunde. Kama unapenda kutazama kwenye skrini badala ya tundu la macho, chukua 200D, kwa sababu 700D kwenye skrini inafokasi taratibu na treni haikusubiri. Ukipata 80D kwa bei isiyokuumiza, ichukue: pointi 45 za fokasi, picha saba kwa sekunde, na inahimili vumbi na manyunyu zaidi ya hao wadogo zake. Lakini usiache kununua lenzi ili upate 80D.

Namba mbili: Nikon D7200 au D5300 na lenzi ya 70-300.

Kwa ubora wa picha hizi zinaishinda Canon ya bei hiyo, hasa ukitaka kufungua vivuli chini ya tumbo la kichwa cha treni, kule kwenye magurudumu, ambako saa nne asubuhi tayari ni giza tupu. D7200 ina pointi 51 za fokasi na bodi imara. Nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu ya mtego wa lenzi. Lenzi za Nikon zenye herufi AF-P hazifokasi kabisa kwenye bodi za zamani kama D3100, D3200, D5100 na D7000, na D5300 yenyewe huhitaji programu yake isasishwe kwanza. Zile za AF-D zisizo na mota, nazo hazijifokasi kwenye familia za D3000 na D5000. Mtu asiyejua ananunua bodi duka hili, lenzi duka lile, anafika nyumbani havielewani. Nunua vyote mahali pamoja, vikiwa vimefungwa pamoja, ukiwa umeviona vikifanya kazi.

Namba tatu: simu uliyonayo mfukoni.

Ndiyo, juu ya kamera kadhaa za dukani. Ukiwa MGR, asubuhi, mita ishirini kutoka relini, simu nzuri ya kawaida inatoa picha utakayoitundika ukutani. Masharti ni mawili: usivute zumu kwa vidole, na piga mfululizo kuanzia treni ikiwa mbali kidogo. Itumie miezi mitatu ya kwanza. Ukigundua kwamba kila Jumamosi miguu inakupeleka relini yenyewe, hapo toa pesa. Kwa SGR simu haikufai.

Namba nne: Sony a6000 na 55-210. Bodi ina kasi ya ajabu, picha 11 kwa sekunde, na ni nyepesi kubeba. Ila betri inaishia kwenye picha kama 310 ukitumia tundu la macho, na katika hobi hii kamera inakaa imewashwa ukisubiri. Sensa yake, kile kibati cha ndani kinachonasa picha, iko wazi ukibadilisha lenzi, na vumbi la barabara ya Kilosa halina huruma. Lenzi ya 55-210 nayo ni laini ukiivuta mpaka mwisho.

Namba tano: Panasonic Lumix FZ300, kwa mtu asiyetaka kabisa kubadilisha lenzi. Inaanzia milimita 25 hadi 600, uwazi wa f/2.8 mwanzo hadi mwisho, na imezibwa dhidi ya vumbi na matone. Sensa ni ndogo, jioni inachoka mapema.

Kamera za zumu ya kutisha, mfano Nikon P900 yenye kufika 2000mm, ziache kwa wapiga mwezi. Kwenye reli zina adui ambaye muuzaji hamtaji: mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi kokoto na chuma vimeshapata moto, hewa juu yake inachemka, na kila unachokipiga kutoka mbali kinatetemeka kama kiko chini ya maji. Lenzi hailiponyi hilo, hata ya mamilioni. Kinacholiponya ni kusogea karibu na kuwahi kuamka. Droni nayo usiinunue kwa kuanzia. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya reli ya umeme haina kazi.

Siku ukitaka kupanda daraja, lenzi ya kutamani ni Canon 70-200mm f/4L, ile ya mwaka 1999. Haitulizi mtikisiko wa mikono kama 55-250, ila ukali wake wa picha na uimara wake vinakaa miaka. Kasoro yake kwetu ni rangi. Ni nyeupe, inaonekana kutoka stesheni ya jirani, na kila mlinzi atakuja kukuuliza wewe ni wa gazeti gani.

Sasa kukagua kitu cha mtumba, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa niliumia.

Lenzi yangu ya kwanza ndefu niliinunua duka moja la mjini Dar, jioni, taa ya duka ikiwa hafifu. Nje ilikuwa kama mpya. Wiki iliyofuata nikaenda nayo Morogoro, nikasimama kaskazini mwa reli na milima ya Uluguru mbele yangu. Treni ya kwenda Dar ikaja saa moja na nusu asubuhi, jua likiipiga usoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nyumbani nikafungua picha: zote zimepauka, kama zimepigwa kupitia neti. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika ndani ya lenzi kutoka nyuma. Kwenye kioo cha katikati kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Fangasi. Unyevu wa pwani huotesha fangasi kwenye lenzi iliyofungiwa kabatini, na ukishakula ile rangi ya juu ya kioo, fundi akisafisha alama inabaki.

Kwa hiyo tochi ya simu ni lazima, mbele na nyuma, uwazi wa lenzi ukiwa wazi kabisa. Kisha toka nayo nje ya duka, piga daladala zinazopita, picha thelathini mfululizo, uzikuze kwenye skrini uone kama maandishi ya bango la njia yanasomeka. Funga uwazi hadi f/16, piga anga tupu, utaona madoa ya sensa. Uliza idadi ya shata, yaani picha ambazo kamera imeshapiga: D7200 imekadiriwa 150,000 na 80D 100,000. Kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha, unaisoma kwa programu ya bure. Kwa Canon ni kazi zaidi, basi angalia mpira wa mshikio na rangi ya vitufe. Muuzaji akikuzuia kutoka nje na kamera hata ukimwachia kitambulisho, mshukuru, uende duka la pili.

Kabla hujasafiri nayo, jua upande wa kusimama. Reli kati ya Dar na Morogoro inaelekea magharibi, hivyo asubuhi treni inayoenda Dar ndiyo yenye uso uliong'aa, jioni ni ile inayotoka Dar. Juni hadi Agosti jua liko kaskazini, simama kaskazini mwa reli na Uluguru itakaa nyuma ya treni yako. Desemba na Januari jua linahamia kusini, nawe uhame. Saa moja asubuhi, kwa f/5.6 na 1/500, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) ya 400 inatosha.

Stesheni ingia kwa kumsalimia mkuu wa stesheni, umweleze unachofanya, umwonyeshe picha zako kwenye simu. Akikataa, rudi kesho au tafuta kivuko cha kijijini. Usikanyage mataruma ukiitafuta picha, na kwenye daraja la juu ya SGR usinyooshe fimbo wala miguu mitatu ya kamera, waya wa chini una volti 25,000.

Vitu vidogo vya kuongeza: betri ya akiba, kadi mbili za kumbukumbu za GB 32 badala ya moja kubwa, kitambaa cha kufutia vumbi, na kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani yake vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vikusanye kwa majirani. Kamera ikirudi kutoka relini ilale humo, isilale kwenye begi.