Ziara ya Mji Mkongwe: nimelipa niambiwe kwa bibi yangu hakuna historia

Jamani naandika hii bado nina hasira, mnisamehe. Juzi juzi nilikuwa Unguja na mama, tukachukua ziara ya kutembea kwa miguu Mji Mkongwe, masaa matatu, kampuni siitaji. Mama aliondoka pale mdogo, bibi alikuwa mtu wa Kikwajuni, upande wa Ng'ambo, kwahiyo kwake haikuwa utalii.

Tumefika Darajani, kelele za soko, daladala, kijana anayetuongoza anataka kugeuza turudi Shangani tukaone nyumba ya Freddie Mercury. Mama akamuuliza kwa upole, mwanangu, Ng'ambo hatuvuki? Akacheka. "Mama, kule hakuna historia, kule wanaishi watu tu."

Mama akanyamaza. Mi nikashindwa.

Yaani umesimama Darajani, jina lenyewe linakwambia hapa palikuwa na daraja! Mkono wa bahari uliingia hapo ukaugawa mji, huku majumba ya mawe, kule vibanda vya udongo na makuti vya watumwa na walioachwa huru na vibarua, ndo pakaitwa Ng'ambo. Enzi za Waingereza ukafukiwa kidogo kidogo, ikapita barabara ambayo watu wazima bado wanaiita Kriki Rodi, na maji hayapo ila jina limebaki. Na zile fleti ndefu za Michenzani zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ili watu wa kule nao wakae kwenye nyumba za kisasa, hiyo nayo siyo historia?

Na siyo kwamba hajui kazi, hapo ndo panaponiuma. Tulipoingia kwenye nyumba moja alituambia tuangalie dari, zile boriti za mikoko, akasema boriti haziwi ndefu sana ndo maana vyumba vya mji mzima ni vyembamba kama ukumbi wa kupita, upana wa chumba umeamuliwa na mti. Nilipenda mno! Na Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, aliongea taratibu hakutuharakisha, mama alilia na akamsubiri. Sasa mtu anayejua kusoma dari anashindwaje kusoma barabara anayovuka kila siku?

Nilitaka niseme msiende kabisa. Hapana, nendeni, kwa ajili ya zile boriti. Ila elfu sitini kwa kichwa kwa nusu mji ni wizi, na ile kauli aliyomwambia mama simsamehei leo wala kesho.

Tulimlipa tukavuka wenyewe. Kikwajuni mama hakuiona nyumba, alizunguka zunguka mpaka bi mmoja aliyekaa barazani akamuita, wewe wa nani? Akamtajia bibi. Tuliondoka hapo imeshaadhiniwa magharibi.